Mzigo Garini: Jinsi ya Kuupanga na Kuufunga Usihame

Breki husimamisha magurudumu, na magurudumu husimamisha gari. Wewe unasimamishwa na mkanda. Mzigo hausimamishwi na chochote isipokuwa kile ulichouwekea mwenyewe kabla ya kuondoka. Gari likiwa kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa, kila kilichomo ndani yake kinakwenda kilomita 50 kwa saa, hata chupa ya maji iliyolala kwenye siti. Gari likigonga, chupa ile inaendelea na mwendo wake mpaka ikutane na mgongo wa siti, kioo cha mbele au kisogo cha mtu.

Tuliweke jambo hili kwenye hesabu. Kitu kinachokupiga kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa kina nguvu ileile ambayo kingekuwa nayo kama kingekuangukia kutoka urefu wa karibu mita 10. Kwenye kilomita 100 kwa saa urefu huo hauwi mita 20 bali karibu mita 40, kwa sababu mwendo ukiongezeka mara mbili, nishati huongezeka mara nne. Gari likisimama kutoka kilomita 50 kwa saa ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, kama inavyotokea likigonga kitu kisichosogea, kila kilicho huru ndani kinahitaji kuzuiwa kwa nguvu ya wastani ya mara 14 ya uzito wake. Ndoo ya rangi ya kilo 5 inakuja mbele kama mtu mzima wa kilo 70.

Kwa hiyo yote yanayofuata yanazunguka swali moja, ambalo nakuomba uliulize kwa kila kitu unachokiingiza garini: nikikanyaga breki kwa nguvu zangu zote sasa hivi, hiki kitaishia wapi? Kama jibu ni kwamba kitabaki palepale, kwa sababu kimeegemea kitu kigumu au kimefungwa, endelea na kingine. Kama jibu ni tofauti, bado hujakipakia.

Hatua ya 1: Jua gari linaruhusiwa kilo ngapi

Wengi hupima mzigo kwa macho: ukiingia na mlango ukafunga, basi unabebeka. Lakini ukubwa wa buti hauhusiani na uzito ambao springi, matairi na breki zinaweza kuumudu. Vitabu, vigae, saruji na madumu ya maji humaliza uwezo wa gari wakati buti bado lina nafasi tele.

Fungua mlango wa dereva, tazama kwenye nguzo ya mwili wa gari pale mlango unapofungia. Magari mengi yana kibandiko au kibati mahali hapo. Mengine huandika moja kwa moja jumla ya uzito wa watu na mizigo unaoruhusiwa. Mengine huandika uzito wa juu kabisa wa gari likiwa limejaa; hapo unatoa uzito wa gari tupu, ambao utaupata kwenye kitabu cha maelekezo ya gari, na kinachobaki ndicho cha watu na mizigo pamoja. Tuseme kimebaki kilo 450. Wakikaa watu wazima 5 wa kilo 70 kila mmoja, kilo 350 zimekwisha kutumika. Mzigo wote, wa ndani na wa juu ya paa, usizidi kilo 100, yaani mifuko 2 ya saruji ya kilo 50. Hesabu hii huwashtua wenye magari madogo, na wana haki ya kushtuka.

Kwenye kibandiko hichohicho, au ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta, mara nyingi kuna vipimo viwili vya upepo: kimoja cha gari lenye watu wachache, kingine cha gari lililojaa. Jaza kwa kipimo cha pili kabla ya safari, matairi yakiwa bado baridi. Tairi lenye upepo pungufu chini ya mzigo mzito hukunjika ubavuni kila linapozunguka, hupata moto, na mwishowe hupasuka.

Hatua ya 2: Vitu vidogo, kila kimoja na mahali pake

Kabla ya kupanga, toa kila kitu. Gari lililotumika muda mrefu huwa na spana zilizosahaulika chini ya siti, chupa tupu, mwavuli nyuma ya kioo, na boksi la vifaa ambalo hakuna anayekumbuka liliingia lini. Kila kimoja kati ya hivyo ni mzigo ambao haujafungwa.

Sehemu ninayoitilia mkazo kuliko zote ni miguuni kwa dereva. Hapo pasikae kitu chochote: wala mkoba, wala viatu vya kubadilisha, wala chupa. Chini ya siti ya dereva vilevile. Chupa iliyokuwa imetulia kule nyuma hubingirika mbele gari linaposhuka mlima au linapopunguza mwendo, ikaingia chini ya pedali ya breki, na pedali haishuki tena. Hili ni baya kuliko chupa hiyohiyo kukupiga mgongoni, kwa sababu linasababisha ajali yenyewe, haliongezi tu madhara yake. Kapeti ya miguuni nayo ni sehemu ya habari hii. Iwe ya gari hilo, ishikwe na vibanio vyake, na usitandike moja juu ya nyingine. Mwaka 2009 Toyota ilitangaza marekebisho ya magari karibu milioni 3.8 nchini Marekani kwa sababu kapeti ziliweza kusogea na kunasa pedali ya eksileta. Ikague kapeti yako kwa mkono: ivute kuelekea pedali. Ikija, haijashikwa.

Juu ya dashibodi pawe patupu. Upande wa abiria, chini ya ule mfuniko laini, kuna mfuko wa hewa ambao kwenye ajali hufumuka kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Chochote kilichowekwa juu yake, iwe simu, manukato ya gari au sanamu iliyobandikwa kwa gundi, hurushwa usoni kwa abiria. Kwa sababu hiyohiyo abiria asiweke miguu juu ya dashibodi, wala asipakate boksi gumu. Magari mengi pia yana mifuko ya hewa inayoshuka kutoka juu ya madirisha, kwa hiyo ile ndoano ndogo iliyo juu ya mlango wa nyuma ni ya kutundikia nguo laini tu, bila henga ya mbao wala ya chuma.

Kisanduku cha dashibodi, kile kilicho mbele ya magoti ya abiria, kinafaa kwa nyaraka, kitabu cha gari, tochi ndogo na kipima upepo. Kifungwe wakati wote gari linapotembea. Kikibaki wazi kinamsubiri abiria magotini, na vilivyomo vinamwagika.

Mifuko ya milangoni ni ya vitu vyepesi vinavyoenea humo bila kuchungulia juu. Chupa ya maji inayokaa sawasawa kwenye kishikio chake haina neno. Kisu, bisibisi au kufuli kubwa havifai hapo, kwani mlango ukigongwa kwa ubavu huja moja kwa moja kwenye nyonga na mbavu zako. Mifuko iliyo nyuma ya siti za mbele weka ramani, vitambaa, daftari. Visiwe vitu vigumu ambavyo magoti au kichwa cha aliyekaa nyuma vitavigonga. Kisanduku cha katikati, chini ya kiegemeo cha mkono, ndicho salama zaidi kwa vitu vizito vidogo, ilimradi kifuniko chake kinabana.

Rafu iliyo chini ya kioo cha nyuma haikutengenezwa kubeba kitu. Iko usawa wa vichwa, haina ukingo mbele yake, na kitu kilicholala juu yake hakina kizuizi hata kimoja mpaka kwenye kioo cha mbele. Iache tupu, hata kama ni kitabu tu au miwani.

Kizima moto kinahitaji kuwa karibu na dereva, lakini ni mtungi wa chuma. Kifunge kwenye kibanio chake kilichopigwa skrubu kwenye bodi au kwenye fremu ya siti, mahali pasipoweza kufika pedali hata kikichomoka. Kukiacha kibingirike chini ya siti ni kujitafutia hatari ya pili ukikimbia ya kwanza. Jeki, spana ya magurudumu na tairi la akiba navyo vina skrubu na mikanda yake ndani ya buti. Baada ya kubadilisha tairi watu huvirusha tu ndani kwa haraka; virudishe vilipokuwa na uvikaze.

Hatua ya 3: Panga buti kuanzia chini na mbele

Kanuni ni hii: kizito chini, kigusane na mgongo wa siti ya nyuma, na kikae katikati ya upana wa gari. Kuna sababu mbili. Kwanza, mzigo uliogusana na mgongo wa siti hauna nafasi ya kupata kasi. Boksi lililoachwa karibu na mlango wa buti, nusu mita kutoka kwenye siti, huingia kwenye siti ile kama nyundo, ilhali boksi hilohilo likiegemezwa kabisa hubonyeza tu. Pili, uzito ulio nyuma ya ekseli ya nyuma huinua pua ya gari kama bembea: usukani unakuwa mwepesi, matairi ya mbele yanapoteza mshiko, na matairi hayo ndiyo yanayofanya sehemu kubwa ya kazi ya breki.

Usidhani msuguano utakusaidia. Breki kali kwenye lami kavu husukuma mzigo mbele kwa nguvu inayoweza kufika takriban asilimia 80 ya uzito wake. Boksi la kilo 30 linavutwa mbele kwa kilo 24 hivi, na sakafu laini ya buti haiwezi kulizuia. Mkeka wa mpira chini ya mzigo hupunguza kuteleza, nami naupendekeza sana, ila unasaidia mkanda tu; kazi ya mkanda hauiwezi.

Tandika vizito kwanza, ukivibananisha mpaka visiwe na mwanya. Mwanya ukibaki, uzibe kwa blanketi, begi la nguo au kitu kingine kinachobonyea. Kisha weka vyepesi juu, ukikomea usawa wa juu wa mgongo wa siti. Kinachozidi usawa huo hakina cha kukizuia kisiruke juu ya siti, na pia kinakuzibia kioo cha nyuma. Kama gari lako lina wavu wa kugawa buti na chumba cha abiria, utumie. Hapo unaweza kupanda juu zaidi kwa mizigo myepesi.

Mgongo wa siti una nguvu, lakini nguvu yake ina kikomo. Kanuni namba 17 ya Umoja wa Mataifa kuhusu siti za magari hupima mgongo wa siti ya nyuma kwa maboksi mawili ya kilo 18 kila moja, kwenye jaribio linaloiga ajali ya kilomita 50 kwa saa. Jumla yake ni kilo 36. Linganisha na kile unachotaka kupakia nyuma ya watoto wako. Ukizidi hapo, kuufunga mzigo si hiari tena.

Jambo dogo lisilogharimu chochote: kama siti ya nyuma haina mtu, chomeka mikanda yake yote kwenye vifungio vyake kana kwamba watu wamekaa. Mikanda iliyofungwa husaidia kuushikilia mgongo wa siti mzigo unapousukuma. Na kitu kidogo kizito, kama betri ya gari au boksi la vifaa, kina mahali pazuri ambapo wengi hawapafikirii: sakafuni nyuma ya siti ya mbele ya abiria, kikiwa kimebanwa kati ya siti na siti.

Hatua ya 4: Funga

Tafuta pete za kufungia mzigo. Magari mengi yana pete nne za chuma kwenye pembe za sakafu ya buti, nyingine zikiwa zimejificha chini ya kapeti au zimelazwa kwenye vishimo vyake. Zivute ujue kama ni chuma kilichoshikwa kwenye bodi. Ndoano za plastiki zilizo ubavuni ni za kutundikia mifuko midogo. Zikivutwa na mkanda zitang'oka.

Kwa mzigo mzito, tumia mikanda bapa ya kufungia mizigo, ile yenye racheti (kikazio cha chuma chenye meno na mpini) au kibanio. Pitisha mkanda mmoja kutoka pete ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, na wa pili kinyume chake, ili ikatane juu ya mzigo kama herufi X. Mpangilio huo huuzuia usiende mbele, usiende pembeni na usiruke juu. Mkanda mmoja uliopita juu katikati huuacha mzigo uteleze chini yake. Kwenye racheti, hakikisha mkanda umezunguka mhimili wake angalau mara mbili kabla haujakaza, na ncha iliyobaki uifunge isije ikapepea au kunaswa na mlango.

Soma kibandiko cha mkanda. Mikanda iliyotengenezwa kwa kiwango cha Ulaya cha EN 12195-2 huwa na lebo ya buluu kama ni ya poliesta, na juu yake herufi LC, yaani nguvu ambayo mkanda unaweza kuihimili, zikifuatwa na namba yenye alama daN (dekanyutoni, kipimo cha nguvu). Kwa matumizi ya kawaida, chukua daN 1 kuwa sawa na nguvu ya kilo 1. Mkanda usio na lebo, uliochanika ukingoni, wenye fundo katikati au ulioungua, utupe. Mahali unapopita kwenye kona kali ya chuma au kigae, weka kipande cha boksi gumu au cha raba chini yake. Kona hukata mkanda uliokazwa haraka sana.

Kamba za mpira zenye ndoano sizikatazi, ila zina kazi yake: kushika turubai, koti, begi jepesi. Hazifungi mzigo mzito kwa sababu zinanyumbuka, na kwenye breki kali ndivyo hasa mzigo utakavyozifanya. Zaidi ya hapo, ndoano ikiponyoka wakati unaivuta hurudi usoni. Ivute huku uso ukiwa pembeni ya mstari wake.

Ukiwa na kamba ya kawaida pekee, usiridhike na kuivuta kwa mkono kisha kupiga fundo. Tengeneza kitanzi katikati ya kamba, pitisha ncha kwenye pete, irudishe ipite ndani ya kitanzi kile, kisha vuta kuelekea kwenye pete. Kitanzi kinafanya kazi ya kapi, na kamba inakaza kuliko nguvu ya mkono peke yake ingeweza. Bana kwa vidole pale ilipopita, umalizie kwa mafundo mawili. Kumbuka kwamba kamba ya nailoni hulegea ikilowa.

Mgongo wa siti ukilazwa ili kuongeza nafasi, umeuondoa ukuta wako. Hapo mizigo isukumwe mpaka igusane na nyuma ya siti za mbele, na kufunga kunakuwa kwa lazima kwa kila kitu, kizito na chepesi. Asikae mtu kando ya mzigo huo kwenye kipande cha siti kilichobaki kama mzigo unaweza kumwangukia. Na mtu asipande ndani ya buti kushikilia mizigo, hata kwa mwendo wa kutoka mtaa mmoja hadi mwingine. Naye atasukumwa mbele pamoja nayo.

Hatua ya 5: Vitu virefu

Mbao, bomba au fimbo ya pazia huingia kupitia buti hadi katikati ya siti za mbele. Ncha ya mbele ielekezwe upande wa abiria, chini, izuiwe na kitu kigumu, ifungwe kitambaa kinene, na isifike kwenye gia wala kwenye mkono wako. Upande huo wa mbele usikae mtu.

Buti lisilofunga ni hatari ambayo watu huiona ndogo. Moshi wa eksozi huvutwa ndani na upepo unaozunguka nyuma ya gari, na ndani ya moshi huo kuna kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi ambayo hulewesha na kuua. Njia bora ni kutafuta gari refu zaidi. Kama huna budi, funga madirisha yote, weka hewa iingie kutoka nje ya gari na si kuzungushwa ndani, feni iwe kwenye namba ya juu na matundu ya dashibodi yote wazi, ili hewa isukumwe kutoka mbele kwenda nyuma. Mtu akianza kuumwa kichwa au kusikia kizunguzungu, simameni mtoke nje mara moja. Kinachochomoza nyuma kifungwe kitambaa chekundu mchana na taa nyekundu usiku. Taa na namba ya gari visizibwe, na mlango wenyewe wa buti ufungwe kwa kamba usipigepige.

Hatua ya 6: Juu ya paa

Paa la gari dogo linaruhusiwa kubeba kidogo kuliko watu wanavyofikiri, mara nyingi kati ya kilo 50 na 100, na uzito wa keria yenyewe umo ndani ya namba hiyo. Kama kitabu cha gari kinasema kilo 75 na keria ina kilo 15, mzigo wako ni kilo 60. Kila kilo unayoipandisha huinua kitovu cha uzito, na gari linaanza kuyumba kwenye kona ulizozizoea. Ndiyo maana naona juu ya paa panafaa kwa vitu vikubwa lakini vyepesi. Vizito vibaki ndani.

Adui wa juu ni upepo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya upepo huongezeka mara nne, na kitu kipana kama godoro au ubao hugeuka bawa. Funga kwenye vyuma vya keria kwa mikanda isiyopungua miwili inayopita upana wa gari. Kama mzigo ni mrefu, ongeza kamba mbele hadi kwenye pete ya kuvutia gari iliyo chini ya bampa, na nyuma vilevile. Kamba hizi mbili ndizo zinazozuia mzigo kuchomoka mbele kwenye breki na kunyanyuka kwenye mwendo. Sokota mkanda mara moja au mbili kabla ya kuukaza ili usivume. Kuwashikisha abiria godoro kwa mikono kupitia madirishani ni jambo lisilofaa hata kidogo. Hakuna mkono unaoshindana na upepo wa kilomita 60 kwa saa.

Andika kwenye karatasi kimo kipya cha gari na ukibandike unapokiona. Lango la maegesho ya chini ya jengo halitakusamehe.

Hatua ya 7: Vyenye moto, gesi na asidi

Mtungi wa gesi ya kupikia usafirishwe umesimama wima, vali imefungwa na kizibo chake kimewekwa, umefungwa usianguke, madirisha yakiwa wazi kiasi na sigara isiwashwe. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutulia sakafuni, ikakusanyika. Ukifika, ushushe kabla ya jambo jingine lolote, usiuache garini kwenye jua.

Petroli ibebwe kwenye kopo lililotengenezwa kwa mafuta, lisijazwe hadi juu, na lijazwe likiwa chini ardhini, si ndani ya buti. Likiwa juu ya kapeti au plastiki, umeme tuli unaweza kujikusanya na kutoa cheche. Betri ya asidi isimame wima, vichwa vyake vifunikwe visigusane na chuma.

Gari lililoegeshwa juani hupita nyuzi 50 za Selsiasi ndani, na dashibodi hupata joto zaidi ya hapo. Makopo ya dawa za kupuliza, viberiti vya gesi na betri za akiba za simu visibaki humo. Dawa za hospitali nazo huharibika.

Hatua ya 8: Kabla ya kuondoka, na njiani

Shika mzigo kwa mikono miwili uusukume mbele, pembeni na juu. Mzigo uliofungwa vizuri hulitikisa gari zima. Ukitikisika wenyewe, rudi kwenye mikanda. Kisha zunguka gari: taa, indiketa, matairi, namba. Keti, tazama kioo cha ndani. Kama nyuma hakuonekani, vioo vya pembeni viwe vimerekebishwa vizuri kwa ajili hiyo.

Magari mengi yana kigurudumu kidogo karibu na usukani chenye namba kuanzia 0 hadi 3, cha kushusha taa za mbele. Mzigo wa nyuma huinua pua ya gari, na taa huwaka machoni mwa wanaokuja. Namba ikipanda, taa hushuka.

Ukiwa mahali salama na mwendo mdogo, kanyaga breki mara moja kwa nguvu kidogo usikilize. Sauti ya kitu kusogea ni taarifa; simama uirekebishe hapo, si mwisho wa safari. Baada ya kilomita 10 hivi simama tena ukaze mikanda yote, kwani mzigo hujipanga upya na mikanda hulegea mwanzoni kuliko baadaye. Endelea kuikagua kila unapopumzika, na hasa baada ya barabara ya mashimo.

Gari lililojaa linahitaji nafasi kubwa zaidi mbele yake. Kwenye mteremko mrefu ingiza gia ndogo mapema, injini ilizuie gari, maana breki zikishikiliwa muda wote chini ya mzigo hupata moto na kupoteza nguvu.

Hatua ya 9: Kushusha

Mizigo ikiwa imehama njiani, kinachoizuia sasa ni mlango wa buti. Simama pembeni, ufungue kidogo, tazama, kisha umalizie. Legeza racheti polepole huku mkono mmoja ukiwa juu ya mzigo. Ukirudisha migongo ya siti, isukume mpaka usikie mlio wa kufunga; siti nyingi zina alama nyekundu inayoonekana endapo haijashika, na siti isiyoshika haimlindi mtu aliyekaa mbele yake. Vua keria kama huihitaji kesho, inakula mafuta bure. Mikanda iliyolowa ianikwe kivulini mpaka ikauke kabla ya kukunjwa, na racheti ipate tone la mafuta kwenye meno yake.